Kitako Namba Tatu

Nchi ninayoieleza haimo kwenye ramani. Nimeitafuta kwenye ile iliyobandikwa ofisi ya kata, na mahali ambapo ningetegemea kuiona pamefunikwa na picha ya Waziri. Kwa hiyo asitokee mtu akasema nimemsema yeye.

Ni nchi nzuri. Huko hawana kura za kuchosha watu. Jambo likiletwa mkutanoni, mkubwa husema, "Tulipitishe," na watu hupiga makofi. Sheria ya Makofi inasema jambo limepita pale watu wote waliohudhuria wanapokuwa wamepiga. Anayepinga haulizwi, maana hajawahi kupatikana. Yupo hata mtumishi wa serikali anayeitwa Mhesabu Makofi, ambaye husimama juu ya kiti na kutazama mikono. Amekuwa na kazi hiyo miaka kumi na tisa, na kila mkutano ameandika neno moja: Wote.

Mimi naitwa Sikudhani. Nalinda mtama wa kijiji cha Lukumbi usiliwe na ngedere. Nina bunduki ndogo, ya risasi nyembamba kama kalamu iliyochongwa ikabaki kipande. Ilikuwa ya baba. Alipoona macho yake yanafifia aliandikisha kibali kwa jina langu, kisha akakaa wiki nzima kivulini na msumeno na msasa, akachonga kitako kipya cha mti wa mninga. Alipima kutoka kwenye kiwiko changu hadi kwenye kidole kinachofyatua. Akaniambia nifumbe macho, niinue bunduki begani, kisha nifumbue. Nikifumbua nikakuta jicho langu limekaa nyuma ya kilengeo cha mtutu bila kulitafuta, kitako ni changu. Nikilitafuta, kitako ni cha mtu mwingine. Alichonga na kupima mara tisa. Mara ya kumi sikutafuta.

Watu hudhani ngedere anaogopa risasi. Ngedere anaogopa jicho. Akiona bunduki imepanda begani na imetulia, anajua anatazamwa, anashuka na kwenda zake. Kwa msimu mzima mimi hutumia risasi sita au saba. Mwaka juzi niliugua malaria siku nne, na katika siku hizo nne mashamba matatu yaliisha. Shangazi yangu Nyamizi alikula mihogo mpaka mvua zikarudi, na hadi leo akiona muhogo hugeuza uso.

*

Mambo yalianza na makabati.

Wizara ya Usalama wa Mazao iliamua kwamba kila bunduki ya shambani, jioni, ilale kwenye kabati la chuma katika ofisi ya kata. Ni jambo la busara, hata mimi nililipigia makofi. Fundi wa makabati akaomba vipimo. Afisa Vipimo alitaka kwenda kupima bunduki, ila bunduki zilikuwa mashambani na viatu vyake vilikuwa vipya. Basi akapima fimbo ya Waziri, ile nyeusi ya kwenye gwaride. Hoja yake ilikuwa kwamba fimbo ya Waziri na bunduki vyote ni vyombo vya dola, na vyombo vya dola haviwezi kupishana.

Vilipishana kwa shubiri moja.

Kabati letu lilizinduliwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ndulamo. Kwanza alisoma kanuni, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Aliyoipenda zaidi ilikuwa Kanuni ya Nne, akairudia mara mbili: "Katika mkutano wa hadhara, bunduki haitawekwa chini, haitaegemezwa, wala haitashikwa na mtu mwingine isipokuwa mwenye kibali. Pahali pake pengine ni kabatini tu, mlango ukiwa umefungwa." Kisha akakata utepe, nami nikaambiwa niweke bunduki.

Ikaingia. Mlango ukagoma. Kitako kilitokeza nje kama mguu wa mgonjwa mrefu kwenye kitanda cha zahanati.

Mtendaji wa kata, Bwana Kashindye, aliusukuma mlango kwa goti. "Labda imevimba," akasema. "Mvua za mwaka huu."

"Ungemeza wewe hizo mvua, tungeona kama ungevimba," shangazi Nyamizi akasema kutoka nyuma.

Waziri alilizunguka kabati. Alilipima kwa fimbo yake, na fimbo ikaingia vizuri kabisa, mlango ukafunga. Akatabasamu.

"Ndugu zangu, kabati limeshazinduliwa," akasema. "Kitu kilichozinduliwa hakiwezi kuwa na kosa. Kwa hiyo kosa liko kwenye bunduki."

Tukapiga makofi. Mhesabu akaandika: Wote.

*

Huko makao makuu walikaa kutafuta namna ya kuifupisha bunduki. Mmoja alishauri ukatwe mtutu. Mwingine alishauri bunduki ziingie kabatini kichwa chini kwa zamu, nusu usiku wa leo na nusu usiku wa kesho. Ndipo Katibu wa Wizara, Bwana Mahimbo, akaleta picha kutoka nje ya nchi. Kumbe yapo maduka yanayouza vitako vya kukunja. Unang'oa kile ambacho bunduki imezaliwa nacho, unafunga hicho kipya, na kikishakunjwa kwenye bawaba bunduki inapungua shubiri moja na vidole viwili.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuchagua Kitako, yenye wajumbe thelathini na mmoja. Alikuwemo mtaalamu wa itifaki, mtaalamu wa rangi, kiongozi wa bendi, na wawili wa kutetea maslahi ya kabati. Mtu aliyewahi kufyatua bunduki hakuwemo, kwa kuwa mjumbe mwenye uzoefu angehesabiwa ana upendeleo. Baadaye walikumbuka kwamba kamati inatakiwa iwe na mtumiaji, wakaandika barua kwa watendaji wote: "Apatikane mtumiaji mmoja. Awe mwanamke. Awe kijana. Asiwe msemaji."

Bwana Kashindye alinitazama kabla hajamaliza kuisoma.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye mapazia mazito. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na vitako vitatu, kila kimoja kimefungwa kwenye bunduki ndogo kama yangu. Namba Moja kilikuwa cha nondo nyembamba iliyopindwa, kama mguu wa kiti cha kukunja. Namba Mbili kilikuwa cha plastiki nyeusi, nacho kikikunjwa kililalia ubavu wa kulia na kuufunika mkono wa kukoki, hata bunduki usiweze kuitia risasi. Namba Tatu kilikuwa kinene, chenye pedi ya mpira na bawaba kubwa inayong'aa. Nilikigusa kwa kidole. Kilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Cha kwanza ni chembamba mno," akasema mtaalamu wa itifaki. "Mtu akikibeba anaonekana kama ameiba kiti."

"Cha pili je?" akauliza mjumbe mwingine.

"Cha pili hakina sauti," akasema kiongozi wa bendi. "Sikilizeni cha tatu." Akakikunjua. Klak. Akakikunja. Klak. Ukumbi mzima ukainua shingo.

"Rudia," akasema Katibu Mahimbo.

Klak.

"Hebu fikirieni mia sita kwa pamoja," kiongozi wa bendi akasema, "mbele ya jukwaa kuu."

Walifikiri, nami niliona wanasikia. Wale wawili wa kabati waliinuka, wakapima, wakasema upande wa kabati hauna pingamizi. Ndipo Katibu akakumbuka kwamba nipo.

"Na mtumiaji wetu? Binti, sema usiogope. Wewe ungechaguaje?"

Niliangalia kitambaa cha meza. "Ningefumba macho kwanza," nikasema.

"Wazo zuri sana," akasema Katibu. "Tusimame."

Wajumbe wote thelathini na mmoja wakasimama wakafumba macho, na mtaalamu wa rangi akaomba dua ndefu kwa ajili ya vitako vyote vya taifa. Mimi nilibaki nimefumbua, nikitazama bunduki tatu ambazo hakuna aliyeziinua begani. Nilijiambia kwamba wakimaliza nitasema. Nitasema kile cha tatu kinacheza, na bunduki inayocheza haimtishi ngedere hata mmoja. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Amina," akasema Katibu. "Kitako Namba Tatu. Tulipitishe."

Wakapiga makofi. Nilisikia sauti karibu sana na sikio langu, nikatazama chini, nikaona ni mikono yangu. Ilikuwa imepiga kabla sijaiuliza.

*

"Ulipiga?" shangazi Nyamizi aliniuliza. Alikuwa anapepeta mtama wa mbegu, hakuinua uso.

"Nilipiga, shangazi."

"Kwa mikono yote miwili?"

"Makofi ya mkono mmoja hayapo."

"Yapo. Ndiyo ninayofikiria kukupa sasa hivi." Alipepeta kidogo. "Kaka yangu alichonga kitako siku saba akiwa haoni vizuri. Wewe umekipigia makofi cha dukani kwa sababu kinasema klak."

"Watu wote walipiga."

"Wewe si ndiye uliyeitwa kwa sababu u mtumiaji? Sasa umetumika." Akaweka ungo chini. "Mtama umebakiza wiki mbili, Sikudhani. Mimi muhogo sili tena."

Nilikwenda kukaa kwenye dungu la shambani, nikaishika bunduki, nikafumba macho na kufumbua. Jicho lilikuwa mahali pake.

*

Kabla ya kugawa vitako, kanuni zilidai yafanyike majaribio, na yakafanyika Lukumbi. Kamati ilikuja na magari saba, hema, na masufuria ya chakula yaliyokuwa yanatoa harufu mpaka bondeni. Nilipewa bunduki ya mfano yenye Namba Tatu, wao wakakaa kwenye viti kama watu waliokuja kutazama ngoma.

Pale shambani yupo ngedere dume mzee tunayemwita Karani, kwa sababu hakai kwenye suke moja. Hupita suke kwa suke akikagua, na akimaliza kukagua ndipo kundi linakula. Alikuwa juu ya mgunga anatusubiri.

Nilikunjua kitako. Klak. Kamati ikapiga makofi. Nikainua bunduki begani huku nimefumba macho, nikafumbua. Nikaona mawingu. Nikalitafuta jicho chini, nikaona kichaka. Nikashusha shavu, bawaba ikacheza, mtutu ukaandika duara hewani. Karani alinitazama. Aliutazama mtutu ukizunguka. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesoma barua yenye makosa mengi.

Kisha akashuka kwenye mgunga, na hakukimbia. Alipita mbele yangu, hatua kumi hivi, akaingia hemani, akafunua sufuria moja, akafunua la pili, akakagua. Alichukua chapati. Baada ya hapo kundi lote lilishuka, na mtaalamu wa itifaki alipanda juu ya gari.

"Binti, lenga," Katibu Mahimbo alisema akiwa chini ya meza.

"Nalenga, Mheshimiwa," nikasema. "Nalenga tangu saa ile."

Niliiweka ile ya mfano, nikaenda kwenye dungu nikachukua yangu. Nilipoiinua tu, kabla hata ya kukoki, Karani aligeuka. Alitazama kitako cha mninga, akatazama jicho langu. Akashika chapati yake vizuri na kuondoka, na kundi likamfuata. Jambo hilo lilionwa na wajumbe wote wa kamati, isipokuwa wale waliokuwa wamefumba macho tena, safari hii kwa dua ya kimyakimya.

Ripoti ya majaribio ilisomwa redioni wiki hiyo. Ilisema wanyama walikipokea kifaa kipya kwa utulivu, na baadhi yao walisogea karibu kukiona. Ilisema pia kwamba Jumatano ijayo Waziri atakuja Lukumbi kupitisha rasmi Kitako Namba Tatu kwa nchi nzima. Vitako vya mti vitang'olewa hapohapo na kuchomwa moto. Atakayekataa atanyang'anywa bunduki.

*

Jumatano watu walijaa uwanja wa ofisi ya kata. Kulikuwa na jukwaa, vipaza sauti, na fundi mwenye bisibisi aliyekaa kando ya sanduku la vitako vipya. Kando yake paliwekwa kuni. Fundi hakuruhusiwa kugusa kitu kabla ya makofi, maana kazi ya serikali haianzi jambo lisipopita.

Mimi niliitwa mbele, karibu na jukwaa, kwa kuwa bunduki yangu ndiyo ingekuwa ya kwanza. Niliishika kwa mikono miwili kifuani, mmoja kwenye mti chini ya mtutu na mwingine kwenye shingo ya kitako, pale baba alipopafanya laini kuliko sehemu nyingine.

Waziri alihutubia tangu saa nne hadi saa sita. Alisema taifa linalokunjika halivunjiki. Alisema wapo watu wa nchi jirani ambao bado wanatumia vitako vilivyonyooka, na tuwaonee huruma. Mwisho akainua fimbo yake.

"Sasa, ndugu zangu. Kitako Namba Tatu. Tulipitishe."

Makofi yalivuma. Mhesabu Makofi alipanda kwenye kiti chake akatazama mikono, kuanzia nyuma kuja mbele, na kalamu yake ikiwa tayari imeandika W. Alipofika kwangu akasimamisha kalamu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa kuna mikono imetulia."

Makofi yalififia. Waziri alitazama chini.

"Binti yangu, hukusikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Mikono ina kazi."

"Weka bunduki chini upige makofi."

"Kanuni ya Nne, Mheshimiwa."

Watu walicheka kidogo, wakanyamaza. Waziri naye alitabasamu, maana alipenda mtu anayekumbuka kanuni zake. "Sawasawa. Mpe Bwana Kashindye akushikie."

Bwana Kashindye alikuwa ameshanyoosha mikono. Akairudisha nyuma taratibu. "Haitashikwa na mtu mwingine, Mheshimiwa," akanong'ona. "Uliirudia mara mbili."

"Basi iwekwe kabatini."

Tukaenda kabatini, mimi, Bwana Kashindye, fundi na Mhesabu. Ikaingia. Mlango ukagoma. Kashindye alitumia goti, kisha bega, kisha akamwita fundi wasukume pamoja. Mlango ulibaki wazi shubiri moja, na kanuni ilisema ukiwa umefungwa. Nikaitoa, nikarudi nayo mbele ya jukwaa.

"Ifupisheni basi," Waziri akasema. "Fungeni hicho kitako kipya, iingie, apige makofi."

Fundi alishika bisibisi. Mhesabu akakohoa. "Hakiwezi kufungwa kabla hakijapita, Mheshimiwa. Na hakiwezi kupita kabla hajapiga."

Waziri aliwaza. Jua lilikuwa utosini, na jasho lilikuwa limefika kwenye medali ya pili. Kisha uso wake ukang'aa. "Ni mambo madogo haya," akasema. "Mtoto ana haya tu. Kashindye, mpe kipaza sauti. Aseme nakubali, nami nitayahesabu maneno yake kuwa makofi."

Kipaza sauti kikaletwa mbele ya mdomo wangu. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya sita. Niliuona umati, nikaona miguu yangu. Waliokuwa nyuma walikuwa wameinua mikono tayari kumalizia. Nilifumba macho, nikayafumbua. Nikamwona shangazi Nyamizi, ameshika ungo wake tupu.

"Sikubali," nikasema.

Sauti yangu ni ndogo, lakini vipaza sauti vya serikali ni vikubwa. Neno lile lilitoka kwenye spika nne, likapita juu ya mtama, likagonga kilima cha ng'ambo likarudi. Tulilisikia mara mbili. Mhesabu alitafuta kwenye daftari lake pa kuliandika, akageuza kurasa za miaka kumi na tisa, hakupaona.

"Kinacheza," nikasema, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kipo. "Kitako hicho kinacheza. Nilikigusa siku ya kwanza na sikusema. Siku ile nilipiga makofi. Ngedere alikiona siku moja tu akajua, na sisi tumekipa kamati miezi minne. Kitako changu hakikunjwi."

"Mnyang'anyeni," akasema Waziri.

"Amri ya kunyang'anya imo kwenye jambo hilohilo, Mheshimiwa," Mhesabu akasema kwa huzuni. "Halijapita."

Waziri alipiga fimbo jukwaani. "Tunarudia. Huyu tumhesabu hayupo. Waliobaki wote, kwa nguvu. Tulipitishe."

Shangazi Nyamizi aliinama, akachota mchanga uliokuwa miguuni pake, akaujaza kwenye ungo, akaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtama wa mwaka mzima.

"Mikono ina kazi," akasema.

Mzee aliyekuwa pembeni yake alimnyakua mjukuu wake akamweka begani, akamshika miguu yote miwili. Mwenye baiskeli akashika usukani. Mama mmoja alivua khanga akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Wasiokuwa na kitu walishikana mikono. Hata fundi aliinua sanduku lake la vitako, likamlemea, lakini hakulitua. Bwana Kashindye alitazama huku na huku, hana cha kushika, mwishowe akaishika suruali yake kiunoni kama inayotaka kuanguka.

Waziri alisubiri. Kisha akaibana fimbo yake kwapani na kuanza kupiga makofi peke yake, ili kuwaongoza. Pa, pa, pa. Kipaza sauti kiliyabeba hadi kilimani, na kilima kikamrudishia. Alipiga muda mrefu, kama anayefukuza ndege. Alipochoka aliinua mkono wake mwenyewe, ishara ya kwamba inatosha, nasi tukaona ni kweli imetosha.

Mhesabu alifuta ile W. Akaandika: Mmoja.

*

Mtama tulivuna. Karani alikuja mara tatu akakagua kutoka juu ya mgunga, akaenda. Nilitumia risasi mbili.

Kabati bado lipo ofisini kwa sababu kitu kilichozinduliwa hakiondolewi. Shangazi ameweka mbegu humo. Mlango unafunga vizuri, na panya hawajaweza.

Wizara hukutana nasi kama kawaida, na kila mwezi kuna jambo la kupitishwa. Ila siku hizi, tukiitwa mkutanoni, kila mtu huja na mzigo.